"Gari Hili Hatukuliuza Sisi"

Mwenye gari la mtumba kutoka Japani akienda kwa wakala wa kampuni, Dar es Salaam au Nairobi, kulalamikia kipuri chenye kasoro ya kiwandani, ajiandae kusikia kwamba gari hilo hawakuliuza wao. Ni kweli hawakuliuza, na kwa hiyo hawadaiwi dhamana. Lakini dhamana ni ahadi ya muuzaji kwa mnunuzi, na huisha kwa miaka au kilomita. Mtengenezaji anapotangaza kwamba magari fulani yarudishwe yakatengenezwe bure, tangazo hilo huifuata namba ya chesisi, hata kama gari limeshapita mikono mitano.

Kesi inayotuhusu zaidi ni ya mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani iliyowauzia vipuri Honda, Toyota, Nissan, Mazda, BMW na wengine wengi. Nyuma ya mfuko kuna kipulizi, yaani kopo la chuma lenye vidonge vya kemikali. Gari likigonga, cheche huwasha vidonge hivyo na gesi yake huujaza mfuko kabla hujapepesa jicho. Takata walitumia nitrati ya amonia, kemikali ya bei nafuu, na katika vipulizi vingi hawakuweka dawa ya kunyonya unyevu. Fuwele za nitrati hiyo hubadilika umbo joto linapovuka nyuzi 32 hivi. Gari linalochemka juani mchana na kupoa usiku, mwaka baada ya mwaka katika hewa yenye unyevu, huvifanya vidonge kumeguka na kuwa unga. Unga huungua haraka mno, kopo hushindwa kuhimili shinikizo, na vipande vya chuma humrukia dereva shingoni na usoni. Ajali ndogo tu, ambayo angetoka nayo na michubuko, humuua.

Ndiyo maana wakaguzi wa Marekani waliigawa nchi yao kwa joto na unyevu, wakaanza na Florida na Hawaii. Kwa kipimo hicho Tanga, Mombasa na Zanzibar zingekuwa kundi la kwanza. Kwa upande wa Ufaransa, wengi wa waliouawa na vipulizi hivi walikuwa katika maeneo yake ya kitropiki, na mojawapo ni Réunion, kisiwa cha Bahari ya Hindi kama visiwa vyetu.

Takata ilifilisika Juni 2017, mzigo ukawaangukia watengenezaji wa magari, na si wote waliokubali kuubeba. General Motors iliomba kuanzia 2016 isilazimishwe kurejesha magari karibu milioni 6, ikidai vipulizi vyake vilikuwa vya muundo tofauti na kwamba kasoro yake haikuwa na uzito kwa usalama. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilipitia vipimo vya kampuni, ikasikiliza maoni ya wananchi, na Novemba 2020 ikakataa. New Zealand, ambayo nayo hununua mitumba mingi ya Japani, iliamuru mwaka 2018 magari yenye vipulizi vya hatari zaidi yarejeshwe, mitumba ikiwemo. Kwa hiyo "hatukuliuza sisi" ni msimamo wa kibiashara, na serikali ikitaka inaweza kuupindua.

Kwetu kazi inaanza na chesisi. Gari la soko la Japani halina namba ya herufi na tarakimu 17. Lina mfano wa NZE141, kistari, kisha tarakimu. Ukiiingiza kwenye tovuti za Kimarekani itakataliwa, na wengi hapo hudhani gari lao ni salama. Itafute kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji mwenyewe, penye sehemu ya kuhakiki magari yanayotakiwa kurejeshwa. Programu ya kutafsiri inatosha. Ukikuta kazi haijafanyika, chapisha ukurasa huo, uandikie wakala barua, nakala kwa makao makuu Japani, na uombe jibu la maandishi. Maneno ya kaunta hayana thamani ukifika Tume ya Ushindani Tanzania, au ukidai haki kwa Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya, inayompa mlaji haki ya bidhaa bora, usalama na fidia ya madhara ya kasoro. Aliyekuuzia yadini naye usimsahau: yeye hawezi kusema hakuliuza.

Usidanganywe na taa ya dashibodi. Taa ile hufuatilia umeme. Unga ndani ya kopo haiuoni, na kipulizi kibovu kabisa kinaweza kukaa miaka bila kuiwasha. Mafundi wanaofunga rezista ili taa izime wanakuuzia giza. Mfuko wa hewa uliong'olewa kwenye gari la ajali nao ni kamari, kwa sababu unaweza kuwa wa ukoo uleule.

Ukiwa unasubiri jibu, angalia tangazo linataja upande gani. Kama ni wa abiria, kiti hicho kibaki wazi. Kama ni usukani wa Honda za miaka ya 2001 hadi 2003 zilizouzwa Marekani, ambazo baadhi ya vipulizi vyake vilipasuka hadi mara 50 kwa kila 100 maabara, mamlaka ya huko iliwaambia wenye magari wasiyaendeshe isipokuwa kuyapeleka yakatengenezwe.