Kitanda cha kijana si akiba ya mgeni

Mzazi wa Kenya anapoingia katika karakana ya seremala kutafuta kitanda cha mwana aliyeanza kubaleghe, swali la kwanza humtoka mapema: ni pesa ngapi? La pili huja polepole, tena kwa sauti ya mtu anayejiona mwenye busara: je, mgeni akija kitamtosha? Ni nadra kulisikia swali la tatu, ambalo ndilo lilistahili kutangulia: huyu atakayekilalia kila usiku ana urefu gani, na chumba chake kina nafasi kiasi gani?

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba suala la kitanda ni dogo mno kuandikiwa makala, hasa katika nchi yenye matatizo tele kama yetu. Mimi sioni hivyo. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila siku. Hayo ndiyo mapendekezo ya Chuo cha Tiba ya Usingizi cha Marekani ya mwaka 2016. Maana yake ni kwamba theluthi moja au zaidi ya ujana wake inapaswa kupita juu ya kitanda. Kitu kinachobeba theluthi ya maisha ya mtu si kidogo, na kukinunua kwa kumfikiria mtu mwingine ni dhuluma, japo haikukusudiwa.

Mababu zetu hawakuwa na magodoro ya sponji, lakini jambo hili walilifahamu barabara. Miongoni mwa Wajaluo, mvulana aliyepevuka alikuwa na simba, yaani kibanda chake mwenyewe katika boma la babake. Wasichana nao walilala siwindhe, nyumba ya nyanya, ambako walipata malezi na mafunzo pamoja na malazi. Waluhya wana desturi inayokaribiana na hiyo. Msingi wake ulikuwa mmoja: mwili ukibadilika, mahali pa kulala nako kubadilike. Leo tunaishi Kayole, Mikindani na Kondele, katika nyumba za kupanga ambazo mwenyewe hawezi kukuruhusu upigilie msumari ukutani, seuze kujenga simba. Kilichobaki cha simba ile ni kitanda. Tukikichukua hicho pia, kijana hana pake.

Isitoshe, mambo ya shule yamebadilika. Chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, mtoto alihitimu darasa la nane akiwa na umri wa miaka 14 hivi, na wengi wakafunga safari ya bweni na sanduku la bati. Mzazi angeweza kujiambia kwamba kitanda cha nyumbani ni cha likizo tu. Tangu Januari 2023, madarasa ya sekondari ya msingi, yaani Gredi ya 7, ya 8 na ya 9, yamewekwa katika shule za msingi. Miaka ileile ambayo mwili wa kijana unarefuka kwa kasi, wengi sasa wanaipitisha nyumbani. Wanaporudi jioni na mizigo yao ya vitabu, tumewaandalia nini?

Tuanze basi na urefu, kwa sababu ndio unaosahauliwa. Wanunuzi hubishana kuhusu upana tu: tatu kwa sita, tatu unusu kwa sita, nne kwa sita, tano kwa sita. Hiyo "sita" imekuwa kama wimbo ambao hakuna anayesikiliza maneno yake. Futi 6 ni inchi 72, takriban sentimita 183. Kanuni njema ni kwamba kitanda kimzidi mlalaji kwa sentimita 10 hadi 15, ili apate mahali pa mto na miguu ipate kunyooka. Kwa hesabu hiyo, kitanda cha futi 6 kinamfaa mtu wa sentimita 170 hivi. Sasa mtazame mvulana wa miaka 13. Katika kilele cha kukua, mvulana huweza kuongezeka zaidi ya sentimita 8 kwa mwaka mmoja. Kitanda kilichomtosha Krismasi iliyopita kitamkunja magoti kabla ya Krismasi ya pili ijayo.

Kwa hiyo, msomaji, ikiwa ukoo wenu ni wa watu warefu, agiza kitanda cha godoro la inchi 75. Magodoro ya urefu huo yanapatikana madukani, na fundi hatashindwa kuongeza inchi 3 katika mifumbati. Kama fedha haziruhusu, mwambie seremala akifanye kitakizo cha miguuni kiwe kifupi, kisipite usawa wa godoro. Mtu anayegonga ubao kwa vidole kila anapojinyoosha halali, anapigana.

Upana nao una hesabu yake, na hapa ndipo chumba kinapotoa hukumu. Chukua chumba cha futi 8 kwa 10, kipimo ambacho wapangaji wengi wa mijini wanakijua vyema. Ukisukuma kitanda cha tano kwa sita hadi ukutani, katika upande ule wa futi 8 zinabaki futi 3. Weka kabati lenye kina cha futi 2 katika ukuta wa pili. Umebakiwa na futi 1 ya kupita. Mlango wa kabati haufunguki, meza haina pa kusimama, na kijana atafanyia kazi zake za shule kitandani, mgongo ukiwa umepinda kama upinde. Badilisha, uweke kitanda cha tatu unusu kwa sita. Njia sasa ni futi 2 na nusu, na ile meza ya kusomea yaweza kukaa karibu na dirisha. Futi moja na nusu ya upana wa kitanda ndiyo tofauti baina ya chumba cha kusomea na ghala la kulalia.

Nafasi hiyo ya kupita si anasa. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 unataka mita 1.2 baina ya kitanda na kitanda bwenini, kwa sababu taifa hili limejifunza kwa machozi maana ya kukosa njia usiku wa moto. Si rahisi kupata mita 1.2 katika nyumba zetu, lakini mzazi asikubali kitanda kizibe mlango au dirisha.

Kwa maoni yangu, basi, kijana mmoja katika chumba cha kawaida atosheke na kitanda cha tatu kwa sita au tatu unusu kwa sita. Mwenye mwili mkubwa na chumba kipana apewe nne kwa sita. Ndugu wawili wa jinsia moja wanaotumia chumba kimoja wanahudumiwa vyema na kitanda cha ghorofa, maarufu kama deka, kwa masharti mawili. La kwanza, baina ya godoro la juu na dari pawe na kiasi cha futi 3, ili kijana aweze kuketi bila kujigonga kichwa. La pili, nyumba isiwe ya mabati matupu yasiyo na dari, kwani wa juu atalala katika joku la joto wakati wa kiangazi. Na anayedhani ametatua tatizo kwa kuwalaza wawili katika kitanda kimoja cha nne kwa sita akumbuke kugawanya: kila mmoja amepata futi 2. Huo ni upana wa kitanda cha mtoto mchanga.

Nimefika sasa penye kiini cha hoja yangu. Kwa nini vitanda vya tano kwa sita vinajaa katika vyumba vya vijana ambao havikupimiwa? Kwa sababu havikununuliwa kwa ajili yao. Jirani yangu mmoja alimnunulia mwanawe wa Kidato cha Pili kitanda cha aina hiyo, kizuri, cha mbao ngumu zilizopigwa msasa. Jamaa waliokuja mjini kutafuta matibabu, kazi au hati za shamba walikaribishwa humo, naye kijana akahamia sebuleni, kwenye kochi. Runinga haikuzimwa kabla ya taarifa za usiku kwisha, na yeye huamka saa kumi na moja alfajiri. Mgeni mmoja aliyekuja kwa siku tatu alikaa wiki saba. Siku moja nilimsifia kijana kitanda chake. Alitabasamu kwa adabu, akanijibu, "Mzee, hicho si changu. Mimi hukilinda tu."

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Sikumbuki waliposema mwenyeji alale kochini. Wao hao ndio walioongeza kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukarimu ni sifa yetu na Mungu atuepushe na siku tutakayoupoteza. Lakini ukarimu wa kweli mtu huutoa katika haki yake mwenyewe, hautoi katika haki ya mtoto asiyeweza kukataa.

Kuna jambo zito zaidi ambalo tukilinyamazia tutakuwa tumekosea. Kitanda kipana humrahisishia mwenye nyumba kutamka, bila kufikiri, "Leo utalala na mjomba wako." Au shangazi, au binamu aliyekomaa. Wanaofanya kazi ya kuwalinda watoto wametueleza mara nyingi kwamba wanaowadhulumu watoto aghalabu ni watu wanaojulikana na kuaminiwa nyumbani. Sisemi kila mjomba ni mbaya. Wajomba wengi ni nguzo za familia zetu. Nasema mtoto hapaswi kuwekwa mahali ambapo usalama wake unategemea bahati. Kitanda cha mtu mmoja hukataa kwa niaba ya kijana neno ambalo heshima inamzuia kulikataa mwenyewe.

Najua nitaulizwa: na yule anayeishi katika chumba kimoja na watoto wanne? Hoja hiyo ni ya haki, wala sitaki kuandika kana kwamba kila Mkenya ana chumba cha ziada. Hata hapo, naamini, kanuni ni ileile. Pazia zito, kitanda chembamba cha chuma au hata godoro lililo la kijana peke yake, pamoja na mahali palipotengwa ambapo hakuna mwingine anayelala, humpa hadhi ambayo kitanda kipana cha kugombaniwa hakimpi. Godoro jembamba la kukunja linaweza kuhifadhiwa mvunguni kwa ajili ya mgeni. Gharama yake si kubwa kama ile ya kupanua kitanda pamoja na godoro lake, shuka zake na chandarua chake. Wakazi wa Kisumu, Busia na Kilifi wanajua kwamba chandarua kisichofika pembe zote za godoro huwa pambo tu. Mbu hupita chini.

Kwa atakayekwenda kwa fundi, nina ushauri mfupi. Pima chumba kwa utepe kabla ya kutoka nyumbani, pamoja na upana wa mlango na kona za ngazi. Nunua godoro kwanza, au mpelekee seremala vipimo vyake kamili, maana "sita" ya fundi na "sita" ya muuza magodoro hazilingani daima. Kagua chaga zisiachane zaidi ya inchi 3, la sivyo sponji itazama katikati na kuharibika mapema. Tikisa matendegu. Hakikisha vitakizo na mifumbati vimefungwa kwa bolti ili kitanda kiweze kufunguliwa siku ya kuhama. Kuhusu godoro, afadhali jembamba la sponji nzito, ile wauzaji waiitayo hai densiti, kuliko nene laini linalogeuka shimo katika mwaka mmoja. Rahisi ni ghali.

La mwisho halihitaji senti: nenda na kijana mwenyewe. Mwache ajilaze, ajinyooshe, ajigeuze mbele ya fundi bila kuona haya. Wahenga walitwambia kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika shughuli hii mzazi ndiye asiyekilalia. Anayejua ni yule mwenye magoti yanayogonga ubao. Tumuulize yeye, kisha tumnunulie kitanda ambacho, mgeni awapo au asiwapo, atakiita chake.