Tangi la Maji Machafu Likikataa Kazi

Nyumba ambayo haikuungwa na bomba la maji taka hutegemea tangi lililofukiwa uani. Ndivyo zilivyo nyumba nyingi za Voi, Wundanyi na Taveta. Muda wote tangi lifanyapo kazi yake, hakuna alikumbukaye. Lakini siku maji ya choo yakataapo kushuka, au uvundo ujaapo uani, mwenye nyumba hushikwa na haraka. Huita vibarua wachimbe shimo jipya, na pengine fedha zake hupotea bure, maana kasoro haikuwa pale. Yafaa basi kujua kwanza tangi hufanya kazi gani.

Maji yote ya chooni, bafuni na jikoni huingia tangini, yakatulia. Vitu vizito huzama vikawa tope. Mafuta na vitu vyepesi huelea vikawa utando. Navyo vijidudu visivyohitaji hewa huozesha sehemu ya uchafu huo. Maji ya katikati hutoka kwa bomba la pili, ambalo kwa kawaida huwa chini ya lile la kuingilia kwa inchi 2 au 3, yakaenda katika shimo la mawe ambamo ardhi huyanywa. Kwa hiyo tangi zima hujaa daima mpaka usawa wa bomba la kutokea. Kujaa huko si kasoro.

Uchunguzi huanzia ndani ya nyumba. Ikiwa bafu peke yake ndilo lisilopitisha maji, bomba la bafu ndilo lililoziba. Ikiwa vyote vimekataa pamoja, mwenye nyumba afunue tangi, asimame upande utokako upepo, wala asiinamie tundu. Akiona maji ya tangini yako usawa wake wa kawaida, huku ya nyumbani yamesimama, bomba lililo kati ya nyumba na tangi ndilo lililoziba. Lizibuliwe kwa fimbo ndefu za mafundi. Akiona maji yamepanda hata kulifunika bomba la kuingilia, atazame shimo la mawe. Shimo likiwa kavu, bomba la kutokea limezibwa na utando. Shimo likiwa limejaa pia, ardhi imeshindwa kunywa.

Mara nyingi ardhi hushindwa kwa sababu tope liliachwa likaongezeka, likapita mpaka shimoni, likaziba udongo. Tope hupimwa kwa mti mrefu uliozungushiwa kitambaa cheupe: huteremshwa hata chini, huachwa dakika chache, kisha alama nyeusi husomwa. Tope likifika theluthi moja ya kina, na liitwe gari la kunyonya maji taka. Kwa nyumba nyingi jambo hili hutokea kila baada ya miaka 3 hadi 5. Shimo lililokwisha kuziba halitaponywa kwa kunyonywa tu. Huhitaji kuchimbwa jingine, na lile la zamani lipumzishwe.

Sababu nyingine ni mvua. Maji ya paa yasielekezwe tangini wala shimoni. Huko Taveta, katika sehemu za bondeni zilizo karibu na Mto Lumi na Ziwa Jipe, maji ya ardhini hupanda wakati wa mvua. Tangi jepesi la plastiki likikaushwa kabisa wakati huo huweza kuelea na kuvunja mabomba yake. Heri kulinyonya wakati wa kiangazi.

Lakini liko jambo moja lisilosamehe kosa. Mtu yeyote asiingie ndani ya tangi, hata likiwa tupu, hata kwa dakika moja. Humo hukaa hewa ya sumu inukayo kama yai bovu, ambayo ikizidi huua nguvu ya pua hata mtu asiinuse tena. Iko pia hewa iwakayo moto. Kwa hiyo sigara na taa ya moto vikae mbali. Mara nyingi mmoja huanguka, na ndugu yake humfuata ili amwokoe, wakafa wote wawili. Akianguka mtu, wa juu wasishuke. Waite msaada wa wenye vifaa vya kupumulia. Tahadhari kabla ya hatari.

Wala madhara hayaishii uani. Katika milima ya Taita, maji machafu yaliyoshindwa kunywewa juu huteremka mpaka shamba la jirani au chemchemi ya kijiji, yakaleta kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu. Shimo la mawe liwe upande wa chini wa kisima, na umbali usipungue mita 30. Kabla ya kuchimba jipya, Bwana Afya aombwe kuja kupatazama mahali penyewe.

Mwisho, kila mwenye nyumba aandike katika daftari mahali tangi lilipofukiwa, hatua ngapi kutoka ukutani, na tarehe liliponyonywa. Atakayeirithi nyumba hatakuwa na haja ya kupiga jembe kwa kubahatisha, wala mtoto hatatumbukia penye mfuniko uliosahauliwa.