Kima cha Chini Kinachorefusha Deni

Kila taarifa ya mwezi ya kadi ya mkopo nchini Marekani huwa na jedwali dogo ambalo wateja wengi hulipita haraka. Jedwali hilo limetokana na sheria aliyoitia saini Rais Barack Obama mwezi Mei 2009. Sheria hiyo inaiamuru benki imweleze mteja waziwazi kwamba akilipa kima cha chini tu, deni lake litachukua miaka mingapi kwisha na litakuwa limemgharimu dola ngapi.

Hesabu yenyewe inatisha. Tuseme mtu anadaiwa dola 5,000 kwa riba ya asilimia 22 kwa mwaka, kiwango cha kawaida kabisa siku hizi. Benki nyingi kubwa hupata kima cha chini kwa kujumlisha riba ya mwezi na asilimia 1 ya deni. Mwezi wa kwanza riba ni kama dola 92 na asilimia 1 ni dola 50, kwa hiyo mteja anatakiwa kulipa dola 142. Analipa akijua ametimiza wajibu wake, kumbe deni limepungua kwa dola 50 tu. Mwezi wa pili kima kinashuka kidogo, wa tatu kinashuka tena. Kwa mwendo huo, hata benki ikiweka sharti kwamba malipo yasipungue dola 25, deni litakwisha baada ya miaka 19 hivi. Riba peke yake itakuwa imepita dola 8,000, na hapo mteja hajanunua hata kijiko kingine kwa kadi hiyo.

Kushuka huko ndiko kunakomfunga. Mteja huyohuyo akiendelea kulipa dola 142 zilezile kila mwezi, bila kujali benki inadai pungufu, atamaliza kabla ya miaka 5. Akiongeza hadi dola 191, atamaliza kwa miaka 3, na riba haitafika dola 1,900.

Lipo jingine. Anayelipa deni lote kila mwezi kwa kawaida hatozwi riba kwa manunuzi yake, maana hupewa siku zisizopungua 21 tangu taarifa itoke hadi tarehe ya kulipa. Anayebakiza salio huipoteza nafuu hiyo. Mkate na maziwa aliyonunua asubuhi huanza kuhesabiwa riba siku ileile, na hesabu hiyo hufanywa kila siku, si mwisho wa mwezi kama wengi wanavyodhani.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Septemba 1958, Bank of America ilituma kadi 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, bila wao kuziomba. Kadi hizo ndizo zilizokuja kuitwa Visa mwaka 1976. Kwa miaka mingi majimbo kadhaa yaliweka ukomo wa riba, na benki ililazimika kuutii. Kisha, mwaka 1978, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Marquette kwamba benki inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa katika jimbo ambako benki yenyewe ina makao. South Dakota ikafuta ukomo wake mwaka 1980, na Citibank ikahamishia huko shughuli zake za kadi kutoka New York. Delaware ilifuata mwaka 1981. Tangu hapo mkazi wa jimbo lenye sheria kali hana ulinzi wa maana dhidi ya riba ya kadi. Kufikia katikati ya mwaka 2023, Wamarekani walikuwa wanadaiwa zaidi ya dola trilioni 1 kwenye kadi, na wastani wa riba ulikuwa umevuka asilimia 20.

Baadhi ya wadaiwa hao huishia kufilisika, na ni rahisi kudhani kwamba wameponzwa na anasa. Watafiti Teresa Sullivan, Elizabeth Warren na Jay Westbrook walifukua majalada ya mahakama za ufilisi na kuchapisha kitabu mwaka 1989. Waliowakuta humo walikuwa watu wa kawaida wenye kazi na familia, wakilemewa na madeni makubwa kuliko kipato chao. Warren, ambaye baadaye alichaguliwa kuwa seneta wa Massachusetts, aliendelea kueleza kwa miaka mingi kwamba kinachowasukuma wengi ni kupoteza kazi, ugonjwa au ndoa kuvunjika. Mshahara ukikatika, kadi ndiyo inayonunua chakula, inayojaza mafuta ya gari na inayolipa bili ya hospitali. Deni huanza kama msiba wa mwezi mmoja, kisha kima cha chini hulibeba kwa miaka.

Dalili ya hatari ni kutoa fedha taslimu kwenye kadi moja ili kulipa nyingine. Fedha hizo huwa na ada yake, na riba yake huanza siku hiyohiyo. Mteja akishindwa kulipa kwa siku 180, benki huliandika deni kuwa hasara, na mara nyingi huliuza kwa kampuni za kununua madeni. Tume ya Biashara ya Marekani ilieleza mwaka 2013 kwamba kampuni hizo zilikuwa zikilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola ya deni. Hata hivyo humdai mteja dola nzima, na humpeleka mahakamani. Wadaiwa wengi hawafiki siku ya kesi, na hukumu hutolewa wasipokuwepo. Hapo mwajiri anaweza kuamriwa kukata hadi robo ya mshahara unaobaki baada ya makato ya kisheria. Texas, Pennsylvania, North Carolina na South Carolina haziruhusu makato hayo kwa madeni ya kadi. Majimbo mengi yanayaruhusu.

Mshahara ukishaguswa, wengi ndipo wanapokwenda kwa wakili wa ufilisi. Maombi yakishapokelewa mahakamani, simu za wadai, kesi na makato lazima visimame. Chini ya Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, deni la kadi kwa kawaida hufutwa katika miezi minne hivi, na waombaji wengi hawapotezi mali, kwa sababu vitu vyao vya msingi vimelindwa. Chini ya Sura ya 13, mdaiwa hulipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5. Mwaka 2005 Bunge lilikaza masharti: kipato cha mwombaji hupimwa kwanza, naye lazima apate ushauri wa madeni kabla ya kuomba. Watu walikimbilia mahakamani kuiwahi tarehe ya sheria hiyo, na maombi ya mwaka huo yakapita milioni 2. Matunzo ya watoto hayafutwi, na mkopo wa masomo ni mgumu sana kufuta. Rekodi ya Sura ya 7 hukaa kwenye taarifa za mikopo kwa miaka 10.

Jambo linalosikitisha zaidi ni yale watu wanayofanya kabla ya kufika huko. Wengi humaliza akiba ya uzeeni kulipia kadi, ilhali akiba iliyo katika mpango wa pensheni wa mwajiri kwa kawaida hailiwi na wadai hata mtu akifilisika. Wanafukia shimo kwa fedha ambayo sheria ilikuwa imewawekea.

Wengine hukopa kwa ndugu na kumlipa kwanza, kwa heshima na upendo. Waswahili walioko Marekani wanapaswa kulijua hili hasa, kwa sababu kwetu deni la kaka au shangazi ndilo tunaloona aibu kulibakiza. Ndugu wa karibu akilipwa ndani ya mwaka mmoja kabla ya maombi, mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya mdaiwa, anaweza kwenda kumdai ndugu huyo azirudishe fedha hizo zigawiwe wadai wote. Na rafiki aliyeweka saini kama mdhamini hafunguliwi na Sura ya 7. Mdaiwa akiachiliwa, benki humgeukia yeye.

Kwa hiyo, anayelipa kadi kwa kadi asisubiri barua ya mahakama. Nambari ya simu ya washauri wa madeni imechapwa kwenye taarifa yake ya mwezi, pamoja na lile jedwali, na mawakili wengi wa ufilisi hawatozi kikao cha kwanza. Aende kabla hajagusa pensheni, kabla hajamlipa shangazi, na kabla hajamwomba mtu mwingine amwekee saini.