Kwa Nini Nyumba Huanguka Ardhi Inapotetemeka

Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, kiasi cha saa tisa na nusu alasiri, ardhi ilitetemeka mkoani Kagera. Lilikuwa jambo la sekunde tu. Lakini watu zaidi ya 15 walikufa, mamia wakaumia, na nyumba nyingi sana zikaanguka au zikapata nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya hata zikafungwa kwa muda.

Ndugu msomaji, tetemeko la namna ile halifungui shimo likawameza watu. Watu huangukiwa na kuta, matofali na mapaa. Mtu aliyekuwa shambani kwake au uwanjani hutikiswa, pengine hata huanguka chini, kisha huinuka akajipangusa vumbi. Kwa hiyo anayetaka kujua habari za tetemeko lazima aulize maswali mawili. La kwanza: ardhi inatetemekaje? La pili, ambalo wengi hulisahau: nyumba yangu imejengwaje?

Tuanze na ardhi, tusikae hapo sana. Ziko hadithi za kale zinazosema dunia imebebwa pembeni na ng'ombe, naye akichoka huihamishia pembe ya pili. Ni hadithi nzuri ya kuwasimulia watoto. Wataalamu wa miamba wanaeleza hivi: ganda la dunia yetu si kipande kimoja. Limegawanyika vipande vikubwa, navyo vinasogea polepole. Hapa Afrika Mashariki ganda linapasuka na kuachana, na ndiyo maana tuna Bonde la Ufa. Linaachana kwa milimita chache tu kwa mwaka, polepole kuliko kucha zako zinavyokua. Lakini mwamba haukubali kuachana kimya kimya. Hushikilia miaka mingi, kama fito unayoikunja. Siku ikifika fito huvunjika, na mtikisiko wake husafiri ardhini kama mawimbi ya ziwa.

Ukubwa wa tetemeko huandikwa kwa namba. Lile la Kagera lilikuwa 5.9. Hapa kuwa mwangalifu. Usidhani 7 inazidi 6 kama vile madebe 7 yanavyozidi madebe 6. Kila namba ikipanda kwa 1, nguvu inayotoka huongezeka kama mara 32. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipata tetemeko la ukubwa wa kiasi cha 7.4. Kwa hiyo lile la Kagera, pamoja na majonzi yote liliyoleta, halikuwa kubwa kati ya matetemeko.

Hebu sasa tulinganishe mambo mawili ya mwaka mmoja. Tarehe 12 Januari 2010 nchi ya Haiti ilipata tetemeko la ukubwa wa 7.0. Tarehe 27 Februari 2010 nchi ya Chile ilipata la 8.8. La Chile lilitoa nguvu kama mara 500 ya lile la Haiti. Je, wapi walikufa watu wengi zaidi? Haiti walikufa zaidi ya laki moja. Chile walikufa kiasi cha 500. Ni kweli tetemeko la Haiti lilitokea karibu sana na mji mkuu. Lakini hiyo haitoshi kueleza tofauti kubwa namna hii. Chile walikuwa wamejifunza kwa matetemeko ya zamani, wakaweka sheria za ujenzi na kuzifuata. Haiti majengo mengi yalikuwa ya zege dhaifu, yenye nondo chache au zilizofungwa vibaya.

Sasa twende kwenye nyumba yenyewe. Umepata kusimama nyuma ya lori? Dereva akiliondoa ghafla, miguu yako huenda na lori lakini kiwiliwili hubaki nyuma, nawe unayumba. Nyumba nayo hufanya vivyo hivyo. Ardhi hukimbia chini ya msingi, upande huu na upande ule, mara nyingi kwa dakika. Msingi unafuata ardhi. Kuta na paa zinataka kubaki zilipo. Kadiri nyumba inavyokuwa nzito, ndivyo nguvu ya kuiyumbisha inavyokuwa kubwa.

Tofali la udongo lina tabia yake. Lisimamishe wima, panda juu yake, halivunjiki. Sasa lilaze juu ya mawe mawili, moja kila upande, kisha likanyage katikati. Pah! Tofali lina nguvu likigandamizwa, lakini ni dhaifu likivutwa au likikunjwa. Siku zote ukuta hugandamizwa tu na uzito wa paa, basi unasimama miaka 30 na mwenye nyumba anajisifu. Siku ya tetemeko ukuta unavutwa. Pembe za nyumba, pale kuta mbili zinapokutana, ndizo hupasuka kwanza. Zikishaachana, kila ukuta unasimama peke yake kama mlango usio na bawaba. Nao huanguka, mara nyingi kwa upande wa nje, na paa linafuata.

Hapa nataka kusema neno juu ya nyumba zetu za miti, fito na udongo. Watu wengi huzionea haya, wanaziona ni nyumba za kimaskini. Lakini miti na fito zilizofungwa vizuri hukunjika bila kukatika, na nyumba yenyewe ni nyepesi. Udongo utabanduka, fremu itabaki imesimama. Msonge wa Wahaya, wa miti na nyasi, una faida hiyo hiyo ya wepesi. Sisemi turudi sote kwenye misonge, maana mchwa na moto nao wana habari zao. Nasema tu kwamba nyumba ya matofali mazito yasiyofungwa inaweza kuwa ya hatari kuliko ile tunayoidharau.

Wataalamu wanajuaje mambo haya? Hawawezi kungoja tetemeko lije, maana hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku wala saa yake. Anayekuambia anaijua, mwache aende zake. Kwa hiyo wanalitengeneza wenyewe.

Nchi ya Peru, huko Amerika ya Kusini, ina nyumba nyingi za matofali mabichi kama za kwetu. Tarehe 31 Mei 1970 tetemeko liliua huko watu wapatao 70,000, wengine katika nyumba hizo, wengine kwa theluji na mawe yaliyoporomoka mlimani yakafukia mji wa Yungay. Baada ya hapo watafiti wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha mji wa Lima walianza kuchunguza nyumba za udongo. Hapo mwanzo walijenga nyumba juu ya jukwaa la zege, kisha wakaliinamisha jukwaa kidogo kidogo mpaka kuta zikaanguka. Baadaye walipata meza ya kutetemesha. Ni sakafu ya chuma inayosukumwa na mashine kufuata mtikisiko wa tetemeko la kweli. Nyumba inajengwa juu yake, inaachwa ikauke, kisha inatikiswa, huku vyombo vikiandika ufa wa kwanza umetokea wapi. Japani wana meza kubwa kuliko hiyo. Iko Miki karibu na Kobe, ilianza kazi mwaka 2005, ina urefu wa mita 20 na upana wa mita 15, nayo inabeba tani 1,200. Jengo zima la ghorofa linawekwa juu yake!

Lakini kujenga nyumba na kuivunja ni gharama kubwa. Huwezi kuvunja nyumba elfu moja ili ujue moja iliyo bora. Ndipo inapoingia kazi ya hesabu.

Mfikirie mkulima wa mpunga na majaruba yake. Maji yakiingia katika jaruba la kwanza, yanapita kwenda la pili, kisha la tatu. Mtaalamu naye huigawa nyumba, katika karatasi na kompyuta, kuwa vipande vidogo vidogo kama majaruba. Kwa kila kipande anaandika uzito wake, ugumu wake, na nguvu inayoweza kukivunja. Halafu anaitikisa ile nyumba ya namba. Kipande cha chini kinamsukuma jirani yake, jirani anamsukuma mwingine, mpaka juu kwenye paa. Profesa Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California ndiye aliyeipa jina njia hii ya kugawa vipande, mwaka 1960.

Hesabu yenyewe si ngumu ajabu. Ni kuzidisha, kujumlisha na kutoa, mambo ambayo wanakisomo mnayajua. Ugumu ni wingi wake. Tuseme tetemeko ni la sekunde 30, na hesabu inarudiwa kila sehemu ya mia ya sekunde. Hizo ni mara 3,000. Kama nyumba imegawanywa vipande 10,000, basi 3,000 mara 10,000 ni 30,000,000. Mtu mmoja angezeeka na kalamu mkononi. Kompyuta hufanya kazi hiyo bila kuchoka. Kisha mtaalamu anabadili jambo moja, labda anapunguza dirisha au anaongeza mkanda juu ya ukuta, anaanza upya. Nyumba inaanguka mara mia na hakuna aliyeumia.

Mwanakisomo mmoja aliniuliza, "Na kompyuta ikikosea?" Swali zuri. Kompyuta haijui kitu ila kile ilichoambiwa. Ukiiambia tofali ni gumu nalo ni bovu, itakujibu kwamba nyumba ni salama. Na matofali ya kijiji hiki si kama ya kijiji cha pili, hata ya tanuri moja hayafanani. Ndiyo maana hesabu hulinganishwa na meza ya kutetemesha, na vyote viwili hulinganishwa na nyumba zilizoanguka kweli.

Ardhi iliyo chini ya msingi nayo huingizwa katika hesabu. Tarehe 19 Septemba 1985 tetemeko lilitokea pwani ya Meksiko, na mji mkuu wa nchi hiyo ulikuwa mbali, zaidi ya kilomita 350. Hata hivyo maelfu walikufa humo mjini. Sehemu ya mji imejengwa juu ya matope ya ziwa la kale. Matope yale yaliyumba polepole, kwenda na kurudi kwa kama sekunde 2. Majengo ya ghorofa za katikati yalikuwa na mwendo wa kuyumba unaokaribia huo huo. Ni kama kusukuma bembea kila inapokurudia, inazidi kupaa. Majengo mengi mafupi yalisalimika, maana mwendo wake ni mwingine.

Basi watafiti wa Peru walipata nini? Waligundua kwamba siri si kulifanya tofali kuwa jiwe. Siri ni kuzifunga kuta pamoja. Walipitisha matete wima ndani ya kuta na kuyafunga na matete mengine yaliyolazwa kati ya kozi za matofali. Nyumba zilizokwisha jengwa walizifunga kwa wavu wa waya kwenye pembe na juu ya kuta, wakapiga lipu ya saruji. Tetemeko la ukubwa wa 8.4 lilipokuja kusini mwa Peru tarehe 23 Juni 2001, nyumba zilizofungwa hivyo zilibaki nzima, na za jirani zikaharibika. Lakini waya na saruji ni ghali. Kwa hiyo wakajaribu nyavu za plastiki, na hata kamba za nailoni zilizozungushwa ukuta mzima kama mzigo wa kuni. Ukuta ulipata nyufa, vipande vikaning'inia ndani ya kamba, lakini mwenye nyumba angepata nafasi ya kutoka.

Kwa nyumba za matofali ya kuchoma, mafundi wetu wanaujua mkanda huo kwa jina la lenta. Tatizo ni kwamba fedha zikipungua, lenta ndiyo huachwa ili yanunuliwe mabati. Mabati yanaonekana barabarani, lenta imejificha. Asiyemudu zege anaweza kulaza juu ya kuta miti miwili sambamba, iliyounganishwa kwa vipande kama ngazi, ikizunguka nyumba nzima na kukazwa kwenye pembe.

Kwa matofali mabichi, wataalamu hao wanasema kimo cha ukuta kisizidi mara 8 ya unene wake. Ukuta wa sentimita 30 usipite sentimita 240. Milango na madirisha ya ukuta mmoja, ukijumlisha upana wake, yasizidi theluthi moja ya urefu wa ukuta huo.

Na kabla hujafyatua tofali hata moja, upime udongo wako. Finyanga vidonge vitano au sita, kila kimoja kiwe na upana wa sentimita 2. Viache vikauke siku nzima au zaidi. Kisha bana kila kidonge kwa nguvu kati ya kidole gumba na cha shahada. Visipovunjika, udongo una mfinyanzi wa kutosha. Hata kimoja kikipasuka, tafuta udongo mwingine.