Stadi Iliyokatika Yataka Subira

Barabara itokayo Kasese hupita Kikorongo, kisha hukunja kuelekea magharibi hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe. Huko ndiko Shule ya Sekondari ya Lhubiriha iliposhambuliwa usiku wa Juni 16, 2023. Katika eneo kama hilo, pikipiki ya doria isiyoweza kutoka kituoni si hasara ya chombo tu, bali ni pengo katika ulinzi wa raia. Kwa hiyo twapenda kuwakumbusha ndugu zetu wanajeshi na polisi habari ya kitu kidogo: stadi, yaani boliti isiyo na kichwa, ishikayo bomba la moshi kwenye injini.

Stadi ni ya chuma, na kichwa cha injini ni cha alumini. Joto na maji huleta kutu, na kutu huvishikamanisha. Alazimishaye nati kwa spana ndefu huikata stadi, na moshi huvuja kwa kelele.

Ikiwa kipande kimebaki nje, na kitiwe mafuta ya kulegeza kutu, kiachwe usiku kucha. Asubuhi, baada ya kuondoa tangi la petroli, alumini ipashwe moto. Kwa kuwa hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma, tundu hulegea. Ndipo kipande kishikwe kwa koleo la kubana, au kichomelewe nati, kizungushwe mbele na nyuma polepole.

Ikiwa imekatikia ndani, itiwe alama katikati hasa, itobolewe kwa biti nyembamba. Kwa stadi ya kawaida ya milimita 6, biti ya mwisho isizidi milimita 5, ili hesi isiharibike. Tahadhari kuu ni hii: chombo cha kung'olea chenye hesi ya kinyume kisilazimishwe. Kikivunjikia ndani, ugumu wake huishinda biti ya kawaida, na stadi moja yaweza kugharimu kichwa kizima.

Stadi mpya ipakwe grisi yenye unga wa shaba, madini yale yale yaliyochimbwa Kilembe, jirani ya Kasese, ili siku nyingine ifunguke bila taabu. Gasketi iwe mpya, na nati zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo, kwa spana fupi.

Askari huikagua bunduki yake kabla ya zamu. Na aikague pikipiki yake vivyo hivyo. Mwenda pole hajikwai.