Uchungu wa Mapema: Usimeze Tembe za Jirani



Leo tunazungumza na wewe mama mjamzito, na wewe nyanya au shangazi unayemtunza. Mimba ni ya miezi saba. Usiku tumbo linakaza na kuachilia, na mgongo unauma. Jirani anakuletea tembe za pumu na kusema, "Meza mbili, mimi zilinisaidia." Je, umeze?

La, mama, usimeze. Ni kweli kwamba dawa za pumu kama salbutamoli na terbutalini hulegeza misuli, hata ya nyumba ya uzazi. Ndiyo sababu zimewahi kutumiwa kutuliza uchungu. Lakini pia huufanya moyo wa mama uende mbio. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba tembe za terbutalini zisitumiwe kabisa kwa uchungu wa mapema, kwa sababu akina mama walikuwa wamepata matatizo makubwa ya moyo, na wengine wakafariki. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya nayo ilikataza tembe za aina hiyo, salbutamoli ikiwemo, zisitumiwe kwa shida za uzazi.

Na hospitalini je? Huko daktari anaweza kukupa nifedipini, ambayo ni dawa ya shinikizo la damu. Lakini atakupima kwanza, na kwa kawaida utaitumia kwa siku 2 hivi. Haikusudiwi kumshikilia mtoto hadi mwezi wa tisa. Inatafuta nafasi ya kukudunga sindano za kusaidia mapafu ya mtoto, ikiwa mimba haijafika wiki 34, au ya kukufikisha kwenye hospitali inayoweza kumtunza. Na kama unatokwa na damu nyingi au una maambukizi tumboni, kuzuia uchungu kunaweza kuwa hatari. Jirani hawezi kuyajua hayo.

Ukimeza tembe nyumbani, tumbo linaweza kutulia kidogo, nawe ukakawia. Saa hizo unazopoteza ndizo ambazo mtoto angepata sindano.

Kwa hivyo, kabla ya wiki ya 37, nenda hospitalini mara moja ukiona tumbo linakaza kila baada ya dakika 10 au chini ya hapo, maji yanatoka, damu inatoka, au mtoto hachezi kama kawaida. Beba kijitabu chako cha kliniki. Ukipewa dawa, uliza: Hii ni dawa gani? Ni ya kazi gani? Nitaitumia kwa siku ngapi? Moyo ukienda mbio, kifua kikiuma au pumzi ikikupungukia, mwambie muuguzi papo hapo.

Lakini kama una pumu au shinikizo la damu, na daktari wako amekuandikia dawa, usiiache. Endelea kama ulivyoelekezwa.