Waliouliza Habari za Maji Maji

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia kutoka Dar es Salaam walisambaa kusini, daftari mkononi, kuwahoji wazee walioviona Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, vya 1905 hadi 1907. Bila kazi yao tungetegemea zaidi mafaili ya Wajerumani. Lakini hebu fikiria baraza lenyewe. Uhuru una miaka kama saba, Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka uliopita, na kijana aliyeketi mkekani, machoni pa kijiji, ni mtu wa serikali. Mzee akiulizwa habari za umoja wa makabila, atajibu umoja. Ugomvi wa ukoo wake na jirani, ulioamua nani anywe maji ya dawa ya vita na nani ayakatae, ataumeza na mate. Wala hajasema uongo. Amesema kweli iliyotoshea swali.

Mkoloni naye alikuwa na sikio lake. Gavana von Götzen, katika kitabu alichokichapisha 1909, aliwatwika waganga mzigo mkubwa wa lawama. Alikuwa na sababu: akitaja mno kodi na kilimo cha pamba cha shuruti, anajishtaki mwenyewe. Ilhali kule Nandete, Umatumbi, Julai 1905, kilichoanza kung'olewa ni miche ya pamba.

Na mwenye maji je? Mganga Kinjeketile wa Ngarambe alinyongwa Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Dawa yake ya kuzuia risasi imeelezwa: maji, mafuta ya mbarika, punje za mtama. Aliyoyaamini moyoni kuhusu risasi alikwenda nayo. Maneno mengi tunayomsikia akisema leo aliandikiwa na Ebrahim Hussein, katika tamthilia iliyochapishwa 1969, na wengi wetu tuliisoma shuleni hata tukaidhania ushahidi.

Linalonikera zaidi ni hesabu. Wafu wa upande wao Wajerumani waliwahesabu mmoja mmoja: Wazungu 15, askari Waafrika 389. Wa upande wa pili wakawakadiria 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyewasikiliza wazee wenyewe, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wakiuawa na njaa baada ya askari kuchoma maghala na mashamba. Pengo hilo halikuletwa na usahaulifu. Wenye kalamu hawakuona haja ya kuuliza, na aliyezika watoto wake porini hakuulizwa lolote mpaka ilipopita miaka sitini.